Barafu ya Kaskazini Yatuhusu

Muhula uliopita Chama cha Mjadala cha shule yetu kilileta hoja isemayo kwamba mambo ya barafu ya kaskazini hayatuhusu sisi watu wa Juba. Hoja ilipita kwa kura nyingi. Makofi yalikuwa makubwa zaidi pale msemaji mmoja alipouliza ni nani ukumbini aliyepata kuona barafu ambayo haikutoka katika sanduku la muuza samaki wa Konyo Konyo. Mimi nilikuwa katika wale wachache waliopinga, na kwa kuwa siku ile kila msemaji alipewa dakika nne tu, namshukuru Mhariri kwa kunikubalia kuendelea katika kurasa za Kiswahili.

Nakubali kwamba wenzangu walikuwa na sababu. Mwezi wa Machi 2024 serikali ilifunga shule nchini kwa kuwa joto lilitazamiwa kufika digrii 45, na mwezi wa Februari 2025 zikafungwa tena, baada ya wanafunzi hapa Juba kuzirai. Mtu aliyekatizwa masomo na jua mara mbili kabla mwaka haujatimia, kisha akaambiwa amwonee huruma dubu mweupe, ana haki ya kucheka. Wala mimi sitaki kuleta habari za dubu mweupe. Amekwisha kusemewa vya kutosha. Nataka kusema habari za ndege mmoja mdogo ambaye yumkini, ewe msomaji, umempita mara nyingi ukiteremka njia ya Jebel bila kumjali.

Ndege huyu ana uzito wa gramu 25 hivi, yaani kama vijiko vitano vya chai vilivyojaa maji. Rangi yake akiwa huku kwetu ni ya mchanga. Husimama wima juu ya jiwe kama askari wa zamu, hutikisa mkia, hukimbia hatua chache, hudona chungu au kombamwiko wa porini, kisha husimama tena. Akiruka ndipo utakapomjua, maana kiuno chake ni cheupe pe na ncha ya mkia ni nyeusi. Wataalamu humwita kwa Kilatini Oenanthe oenanthe. Mimi hapa nitamwita kiuno-cheupe. (Anaye ndugu atokaye nyika za Asia, nao hufanana hata wenye darubini hubishana.) Hupenda mahali pa mawe na majani mafupi. Kiangazi chetu, ambacho sisi hukilalamikia, yeye humfaa sana: moto na mifugo vimekwisha kuondoa majani, na wadudu wako wazi juu ya ardhi. Huja mvua zikielekea kwisha, naye huondoka zikikaribia kuanza tena.

Atoka wapi? Mwaka 2009 wataalamu waliwakamata ndege wa aina hii katika Alaska, huko ambako Marekani inakaribia kugusana na Urusi, wakawafunga mgongoni kifaa kidogo kisichofika hata gramu 2. Kifaa hicho hakitumi habari kwa mtu. Kazi yake ni kuandika mwanga tu: jua limechomoza saa ngapi, limetua saa ngapi. Mtu akiyajua hayo mawili aweza kukadiria ndege alikuwa sehemu gani ya dunia, kwa hesabu inayofanana na ya manahodha wa zamani. Shida ni kwamba lazima umkamate ndege yule yule mwaka unaofuata ili ukisome kifaa chake, na waliopatikana tena walikuwa wachache sana. Lakini hao wachache walitosha. Habari ilitangazwa mwaka 2012: walivuka bahari kuingia Siberia, wakapita Asia yote, wakapita jangwa la Arabuni, wakaja kukaa miezi ya baridi katika Sudani, Uganda na Kenya. Wakati waliposafiri Sudani ilikuwa nchi moja bado, maana sisi tulipata uhuru mwaka 2011. Safari ilikuwa kilomita 14,500 hivi kwa kwenda, na kama hizo kwa kurudi. Kuja kulichukua miezi mitatu, na kurudi hakukufika miwili. Nadhani yeyote anayekwenda kwao huwa na haraka kuliko anayetoka.

Si lazima kila kiuno-cheupe tumwonaye hapa awe ametoka Alaska. Wengine hutoka Urusi, wengine nchi nyingine za kaskazini. Lakini hakuna hata mmoja aliyezaliwa hapa. Basi yule msemaji aliyeuliza ni nani aliyeona barafu, jibu lake hutua kila mwaka juu ya mawe ya Jebel.

Mtu aweza kuuliza kwa nini ndege mwenye akili asikae hapa moja kwa moja, badala ya kujichosha hivyo. Sababu ni chakula na mwanga. Katika nchi zile za juu kabisa, wakati wa kiangazi chao kifupi, jua halitui kwa majuma kadhaa. Theluji ikiyeyuka, ardhi hulowa, na wadudu hutoka kwa wingi usio na hesabu. Ndege mwenye makinda aweza kuwalisha karibu saa zote za siku, tena katika nchi yenye nafasi kubwa. Kwa miezi miwili au mitatu hakuna jiko kama lile ulimwenguni. Kisha jiko hufungwa, naye hurudi kwetu. Ndiyo kusema makinda ya kaskazini hukuzwa na baridi, na baba na mama zao hutunzwa na joto letu, na moja bila jingine halifai kitu.

Sasa nifike kwenye neno alilosema msemaji wa pili wa upande wa hoja, neno ambalo lilisikika kuwa la busara. Alisema kwamba ikiwa kaskazini kunapata joto, hiyo ni heri kwa wanyama wa kule, maana watapumzika na baridi. Twajua kwamba Aktiki, yaani nchi na bahari zilizo karibu na ncha ya kaskazini, imepata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu mwaka 1979. Kwa maneno ya mwenzangu, wanyama wale wangekuwa wananenepa. Walakini sivyo, na sababu yake yafaa tuielewe vizuri, kwa kuwa hapo ndipo penye kiini cha jambo lote.

Baridi si adui wa mnyama wa kaskazini. Baridi ni nyumba yake. Theluji ianguapo ni laini, ina hewa nyingi ndani yake, na hewa hiyo huzuia joto lisitoke, kama manyoya ya kuku au blanketi. Juu ya theluji hewa yaweza kuwa digrii 40 chini ya sifuri, na chini yake, palipo na udongo, pakawa karibu na sifuri tu. Huko chini panya wadogo waitwao lemingi huchimba njia zao, hula majani, hata kuzaa katikati ya majira ya baridi. Mbweha wa kaskazini na bundi mweupe huwategemea panya hao. Kwa hiyo theluji nzuri ni shamba, na ghala, na paa.

Kinachoua ni mvua. Nasema mvua, kitu ambacho sisi hukiombea dua. Joto likipanda katikati ya majira ya baridi, badala ya theluji hunyesha mvua juu ya theluji. Kisha baridi hurudi usiku, na yale maji huganda yakawa sakafu ngumu ya barafu kama saruji. Blanketi limekuwa jiwe. Katika rasi ya Yamal huko Urusi kuna watu waitwao Wanenetsi, wachungaji wanaohama na kulungu wa kaskazini kwa maelfu, wakiishi katika mahema, wakila nyama yao na kuvaa ngozi zao. Yeyote aliyepata kukaa katika kambi ya ng'ombe ya Wamundari huko Terekeka atawaelewa watu hawa upesi kuliko mwanafunzi wa London. Kulungu wale hufukua theluji kwa kwato ili wapate likeni, viumbe vidogo kama ukoga viotavyo ardhini. Mwezi wa Novemba 2006 mvua ilinyesha juu ya theluji, kulungu kama 20,000 wakafa kwa njaa. Mwezi wa Novemba 2013 ikanyesha tena, wakafa 61,000. Hawakufa kwa baridi. Chakula kilikuwa chini ya miguu yao, nao walikuwa wakikiona au kukinusa, lakini kwato hazikuweza kupasua ile sakafu. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 2003, jambo hilo hilo liliua ng'ombe-mwitu wa manyoya marefu kama 20,000 katika kisiwa cha Banks, huko Kanada.

Hebu mwenzangu aende akawaambie Wanenetsi kwamba joto ni mapumziko.

Liko jambo la pili, nalo ni la saa. Kiuno-cheupe aondokapo Afrika haulizi habari za Alaska. Hana wa kumwuliza. Huongozwa na saa iliyo ndani ya mwili wake na kwa urefu wa mchana, na vitu hivyo havibadiliki kwa sababu theluji ya mbali imeyeyuka mapema. Kwa hiyo yawezekana ndege akawahi kwa kalenda yake na bado akachelewa kwa kalenda ya wadudu. Mfano ulio wazi kabisa ni wa kitwitwi mmoja wa pwani mwenye kifua chekundu, ambaye huzaa katika rasi ya Taimyr huko Siberia na kuja kukaa miezi ya baridi katika matope ya pwani ya Mauritania. Wataalamu walilinganisha picha za setilaiti za miaka 33 wakaona kwamba theluji ya Taimyr imekuwa ikiyeyuka mapema kwa kadiri ya nusu siku kila mwaka. Nusu siku si kitu. Lakini zidisha kwa 33. Wadudu hutoka theluji iyeyukapo, na makinda huja baadaye, wakati karamu imekwisha kupita. Makinda hayo hukua yakiwa madogo, na midomo yao hubaki mifupi.

Sikiliza mwisho wake, uliotangazwa mwaka 2016. Ndege hao wenye midomo mifupi hawafi Siberia. Wanasafiri salama hadi Mauritania, na huko kome wanaowafaa wamejizika matopeni, kina ambacho mdomo mrefu hufika na mfupi haufiki. Basi hula mizizi ya majani ya baharini, na wengi hawauoni mwaka wa pili. Kosa lilitendeka kwenye theluji, na mauti yakatokea kwenye jua la Afrika. Nilipoisoma habari hii ndipo nilipoona kuwa hoja ya chama chetu haikupasa hata kuandikwa.

Na sisi je? Katika nchi yetu, kati ya mbuga za Boma na Badingilo, hupita msafara wa wanyama ambao hesabu ya kutoka angani ya mwaka 2023 iliukadiria kuwa wa wanyama karibu milioni 6, walio wengi wakiwa kobu wa masikio meupe, kama milioni 5. Wamo na nyamera, na tohe, na swala wa Mongalla, aliyepewa jina la mji ulio karibu nasi hapa juu ya mto. Hesabu ilipotangazwa mwezi wa Juni 2024 ilisemwa kuwa ndio msafara mkubwa kuliko wote wa wanyama wa nchi kavu duniani. Tunajivuna nao, na ni haki. Lakini msafara huo hauendeshwi na kitu kingine ila utaratibu wa mvua na majani, kama vile ule wa kulungu wa Yamal. Mafuriko yaliyoanza 2019 yalirudi mwaka hadi mwaka mpaka 2022, watu wa Jonglei wakakimbia na ng'ombe wao juu ya vichuguu na matuta. Mnyama wa porini naye hukimbilia penye nchi kavu, na penye nchi kavu ndipo penye watu wenye bunduki.

Wapo wasemao, wanyama milioni 6 hawawezi kwisha. Hao nawapeleka Kazakstani, nchi nyingine ya baridi kali. Huko kuna swala aitwaye saiga, mwenye pua kubwa inayopasha hewa baridi joto kabla haijaingia mapafuni. Mwezi wa Mei 2015, wakati wa kuzaa, saiga zaidi ya 200,000 walikufa kwa muda wa majuma machache tu, mama na watoto, nyika ikajaa mizoga. Kilichowaua ni kijidudu ambacho hukaa kooni mwao siku zote bila kuwadhuru; siku zile hewa ilikuwa na joto na unyevu kupita desturi, na kijidudu kikageuka kuwa sumu. Wingi haukuwasaidia. Kilichowasaidia ni kitu kingine: waliobaki walilindwa na bunduki, na leo wamepita milioni 2. Hili nalisema kwa ajili ya wale wenzetu ambao nyumbani kwao nyama ya kobu huletwa kwa pikipiki, gunia juu ya gunia, kwa ajili ya biashara. Hatuwezi kuiamuru mvua ya Jonglei, lakini bunduki zina watu wanaozishika, na watu hao wengine ni wajomba zetu.

Najua jibu litakalokuja: sisi hatukuleta joto hili, wameleta wenye viwanda. Ni kweli, moshi wetu ni mdogo sana ukilinganishwa na wao. Lakini tusijifanye watoto. Fedha za serikali yetu kwa sehemu kubwa sana zimetoka katika mafuta ya ardhini, na mafuta hayo hayakuchimbwa ili yawekwe makumbusho. Yamepelekwa kwa bomba hadi Port Sudan yakachomwe mahali fulani. Sisemi visima vifungwe kesho, maana sijui mshahara wa mwalimu wangu ungetoka wapi, na hata sasa huchelewa. Nasema tu kwamba mtu aliye na mkono katika chungu asidai kuwa hajui ni nani aliyewasha moto.

Nirudi Jebel, maana ndipo tulipo. Siwalaumu akina mama wanaopasua mawe chini ya mlima na kuuza kokoto. Kila nyumba mpya ya Juba imesimama juu ya migongo yao. Ila ninao ugomvi na manati. Kila Jumamosi wadogo wetu wa kidato cha kwanza na cha pili huteremka na manati shingoni, na shabaha yao rahisi kuliko zote ni ndege asimamaye wima juu ya jiwe. Nyama yake haitoshi kumshibisha hata paka. Amepita baharini, amepita Siberia na Arabuni, mwewe amemkosa, kisha anaangushwa na mtoto anayesubiri chakula cha mchana. Naomba viranja wakataze jambo hili, na nimekwisha kumwambia kiranja mkuu kwamba sitanyamaza.

Tena naomba kitu kimoja ambacho hakitagharimu ila kalamu. Katika maktaba, kwenye meza iliyo karibu na dirisha, liko daftari la jalada la kijani. Yeyote amwonaye kiuno-cheupe wa kwanza mvua zinapokwisha aandike tarehe, mahali na saa, na jina lake. Amwonaye wa mwisho mvua zinapoanza aandike vivyo hivyo. Mwaka mmoja hautasema neno, hata miaka mitano ni michache. Lakini shule hudumu kuliko wanafunzi, na wale vitwitwi wa Taimyr hawangejulikana kama watu wasingalihesabu kwa miaka mingi yenye kuchosha.

Na ninyi ndugu zetu wakubwa mliomaliza hapa, mlio Kanada, Norwe, Nebraska na Minnesota, ninyi mnaosukuma theluji kwa koleo mlangoni kabla ya kwenda kazini, msaada wenu ni mkubwa kuliko mnavyodhani. Tuandikieni theluji imeyeyuka tarehe gani kwenu, na kama mvua ilinyesha juu yake katikati ya majira ya baridi, na ndege gani alionekana kwanza. Mzee akiandika "mapema mwaka huu" haitusaidii. Tunataka tarehe na jina la mji. Barua zipelekwe kwa Mhariri, sehemu ya Kiswahili, nasi tutazipiga chapa zote zitakazofika kabla ya toleo la Desemba.